Mtu wa Spoki

Langas, 4 Juni 2024

Dada Wahu,

Huko Soy mmeamkaje, na mwanao Isaiah, homa imeshuka? Sasa hivi Nyambura ameuma hindi choma, akaligeuza, akaligeuza tena, akanirudishia: "Mami, ning'atie wewe." Miaka sita, na chonge hazikuota. Alipokuwa mchanga nilimshika kichwa mwenyewe, mzee Muchiri, yule mganga, akimchimba ufizi na spoki ya baiskeli, eti anatoa meno ya plastiki yanayoleta homa.

Jana Daktari Fardowsa, yule wa utafiti wa meno, alituita kina mama atupe majibu. Amelinganisha watoto waliochimbwa na wasiochimbwa. Homa iliisha baada ya siku zilezile kwa wote! Kile kitu cheupe Muchiri alinionyesha kwa kiganja kilikuwa jino la mtoto wangu, bado linakua. Nataka huyo mzee alie vile Nyambura alilia.

Mdogo wako, Ciku

Soy, 6 Juni

Ciku wangu,

Sisi tuko, ila Isaiah bado anachemka na anaharisha. Nilimsomea mama mkwe maneno yako, akacheka: "Huyo daktari amezaa wangapi?" Ameshamwita Muchiri, anakuja Jumamosi saa nne. Baba Isaiah anasema hayo ni mambo ya mamake. Nifanye nini?

Dada yako

Langas, 6 Juni

Dada, barua yako imefika na matatu ya mchana, pole sana na mtoto.

Usikatae. Mwache aje! Nitakuja na Daktari na chifu, tumshike spoki ikiwa mkononi na mdomo wa mtoto uko wazi. Hapo atakana nini?

Mdogo wako

Soy, 7 Juni

Ciku, leo salamu sina.

Mtoto wangu si chambo. Ukichelewa dakika mbili je?

Mama Isaiah

Soy, 8 Juni

Dada yangu,

Nisamehe. Hasira ilinila akili. Umeshafika hospitali na mtoto, vile tulipatana? Isaiah amewekewa maji? Huyo atakula mahindi na meno yake yote, utaona.

Mimi niko kitandani kwako, nimefunga taulo ndani ya shali ya Isaiah, nimezipakata kama mtoto. Chifu na Daktari wako jikoni na mama mkwe wako. Amenuna, lakini picha za meno alizoleta Daktari anazichungulia. Nyambura nimekuja naye, amesema mdomo wake atauonyesha mwenyewe.

Muchiri amefika, anapangusa viatu. "Mama mtoto! Lete huyo kijana!"  Wahu, sura yake akifunua hii shali, spoki mkononi, akute taulo, nitakuelezea yote, kuanzia vile ata... anaita tena, ngoja nimwitikie.