Nilipooza, nikapona hapo hapo

Shoga, leo nimeaibika mpaka nacheka peke yangu!

Si unajua mwenye nyumba aliapa leo vyombo vyangu vitalala nje? Basi kusikia hodi tu, nikajitupa kitandani, nikajifanya nimepooza. Nani atathubutu kubeba kitanda chenye ajuza juu yake?

Akaingia binti na mkoba wake begani, nikajua katumwa na mwenye nyumba. Nikamwambia, "Mwanangu, miguu hii imekufa kabisa." Na machozi nikayamwaga!

Akasema, "Pole, bibi. Mimi natoka ofisi ya kusaidia wapangaji. Tulikupatia chumba, lakini kiko ghorofani. Basi itabidi nimpe mwingine."

Nimpe mwingine! Shoga, eti nimpe mwingine!

Niliruka kama nimeng'atwa na siafu. Nikamdaka mlangoni. "Mpe nani? Twende nikazipande hizo ngazi sasa hivi!"

Binti alicheka mpaka akakaa kizingitini. "Bibi, kila nyumba ninayoingia wagonjwa wanapona. Funga mizigo, gari linakuja kesho asubuhi."

Nimeshafunga. Ila njoo mapema, tupande pamoja. Binti nimemwapia kwamba ngazi kwangu si kitu, na magoti yangu wewe unayajua.