Litungu Studioni

Mwanza, 4 Machi 2024

Tata,

Shikamoo. Mimi mzima, ila midomo imechubuka kwa kupuliza saksafoni. Mama hajambo? Na yule ng'ombe aliyekuwa akichechemea?

Tunarekodi albamu yetu: mimi, Ezra wa ngoma na Modesta wa gitaa la besi. Utacheka. Ni jazi huria. Hakuna kiongozi, kila mtu anamsikiliza mwenzake na kwenda anakopelekwa. Kibao cha mwisho kimekataa kuamka, nikawaambia kinazitaka nyuzi za litungu lako. Studio ni yetu hadi mwisho wa mwezi. Njoo, Tata. Tangu utotoni natamani tupige pamoja, hata mara moja.

Binti yako,
Waisiko

Genkuru, 9 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Sisi wazima, na ng'ombe amepona, anarusha mateke. Nimesikiliza muziki uliotuma kwenye simu ya kaka yako. Mama yako aliuliza kama mnapiga au mnagombana. Mimi nilitafuta mlango wa kuingilia, sikuuona. Lakini mtoto akikuita, unakwenda. Jumamosi nakuja.

Tata yako

Mwanza, 18 Machi

Tata, shikamoo. Ulifika salama? Hukuaga vizuri na moyo wangu hautulii. Tulikupa chumba chako cha kioo, tukakuvalisha hedifoni, fundi mitambo akakuashiria, nawe ukakaa tu na litungu lako kama mgonjwa anayesubiri daktari. Kisha ukasema unarudi nyumbani. Ezra anadhani alikukosea heshima. Modesta anasema muziki wetu umekuchukiza. Kama ni hivyo niambie. Nitalia, halafu nitakitoa kibao hicho.

Binti yako

Genkuru, 21 Machi

Waisiko mwanangu,

Hatujambo. Acha kulia. Ezra ni kijana mwema, nilimpenda. Niliona aibu, ndiyo maana sikusema kitu.

Litungu halipigiwi ukuta. Mimi natazama mabega ya anayecheza, vidole vinayafuata. Mlinifungia peke yangu, na kwenye kioo mzee ananikodolea macho. Huyo hachezi! Nikawa nangoja mchezaji aingie, maana nilidhani mnajua. Nilingoja mpaka nikajiona mjinga.

Tukae wote chumba kimoja. Jumanne nakuja na mama yako. Ameshatoa shanga zake za kuchezea, anasema makelele yenu hayamtishi.

Tata yako

Genkuru, 2 Juni

Binti yangu,

Hujambo huko? Sisi tunashukuru Mungu, mahindi yamekubali. Albamu imefika. Kaka yako aliiweka kwenye spika, majirani wakajaa uani. Vibao vya kwanza walitazamana. Jirani yetu Veronika akauliza kama spika imeharibika. Kikafika chetu. Bega la mmoja likaanza, la pili, mara uwanja mzima. Nami nikakusikia, Waisiko. Siku ile studioni macho na masikio yangu yote yalikuwa kwa mama yako. Unapuliza vizuri mno. Naona fahari, nakwambia wazi.

Nimefurahi hamkukata pale mama yako aliposema, "Nimechoka, jamani!" akaketi, nami nikaacha, nanyi mkaacha mmoja mmoja. Majirani walicheka sana. Mama yako akasimama mbele ya spika, mikono kiunoni: "Nani kachoka hapa?"

Nisamehe kwa barua fupi. Ananiita nitoke na litungu.

Tata yako