Gesi ya Leba

Jumanne, 1 Juni 1999
Wazazi wanne tangu asubuhi. Wote kimya. Huku mwanamke halii leba, ndivyo anavyofundwa unyagoni. Akilia atasutwa mpaka uzeeni. Mimi nafurahi. Kelele zinaniudhi.

Mtungi wa gesi ya kucheka umefika, umechanganywa na oksijeni nusu kwa nusu. Daktari katusomesha. Inaingilia mapafuni, muda mfupi tu iko kichwani. Uchungu unabaki palepale, ila mtu haujali tena. Akiacha kuvuta, dakika chache imemtoka.

Ijumaa, 4 Juni
Gesi kweli! Mama mmoja wa kijiji cha Mkotokuyana kajifungua anacheka, ananiita mkwe.

Sheria ni moja: mzazi ashike maski mwenyewe. Akilewa, mkono unaanguka, anavuta hewa, anazinduka. Asishikiwe na mtu. Daktari kasema mara tatu, utadhani sisi wajinga.

Jumatatu, 7 Juni
Hadija wa Chiola, miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza. Mayowe tangu saa mbili asubuhi. Yuko na somo yake, Bi Asumini, aliyemfunda unyagoni. Bibi aibu imemjaa. "Unaniaibisha, mwanangu. Nyamaza!"

Nilichoka. Nikampa binti maski, nikamwambia bibi, "Mnyamazishe, mama." Sheria sikumweleza. Mtu wa shamba, ataelewa nini? Nikaenda kunywa chai.

Leba ikatulia. Nikashukuru Mungu, nikamenya kiazi cha pili.

Niliporudi, bibi alikuwa amemkandamizia maski kwa mikono miwili. "Katulia sasa," akaniambia. Binti alikuwa ametapika humo humo, matapishi yamemwingia mapafuni. Midomo ya bluu. Tulihangaika naye karibu saa nzima. Mtoto tulimtoa hai. Hadija, hapana.

Jumanne, 8 Juni
Daktari kauliza nani alishika maski. Nimesema bibi, tena nilimkataza. Nimeandika hivyo kwenye ripoti. Uongo mtupu. Namchukia yule bibi kwa kunitii.

Sijala tangu jana.

Jumamosi, 12 Juni
Bi Asumini kaja wodini, kichanga mgongoni, bakuli la ufuta mkononi. Hakuna aliyemwambia habari ya maski. Anadhani ni uzazi tu, kama wengine.

"Asante, nesi. Mwanetu kafa kwa heshima. Hakuna aliyemsikia."

Nimepokea ufuta. Bakuli nimeliosha, nikamrudishia.