Jaribio la Nne

Toledo, Ohio
Agosti

Mdogo wangu Wendell,

Hapa hatujambo. Mama kang'olewa jino, anakunywa supu huku kanuna. Mimi nimenunua ile gemu yetu ya video ya futiboli ya Kimarekani, toleo la mwaka huu, na nina hasira: ni ileile ya mwaka jana, wamebadilisha jezi na helmeti tu. Mtangazaji bado anarudia utani wake mbovu.

"Umewapa tena hela zako?" Mama akanicheka. "We mtoto utakoma lini?"

Jumamosi nikapangiwa kucheza mtandaoni na mtu mwenye jina la bandia. Kila alipofika jaribio la nne, lile la mwisho kabla ya kupokonywa mpira, hata akiwa karibu na goli lake mwenyewe, mahali ambapo kila mwenye akili zake huupiga mpira mbali, yeye alikimbia nao. Namjua kichwa ngumu mmoja tu wa hivyo, na hajapiga simu tangu tumzike Baba.

Nikamwandikia palepale: "Wendell, ni wewe?"

Ukatoka mchezoni hapohapo. Ulikuwa unaongoza, Wendell! Nani anakimbia mechi anayoshinda?

Mwakani nitainunua tena takataka hiyo.

Dada yako,
Loretta