Dawati la Mwanaidi

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Sisi huku Kariakoo hatujambo, na mjomba wako kapata mtoto wa kike.

Umeniandikia kwamba sheria inaitaka shule yenu iwe na kompyuta ya kumsomea kwa sauti mwanafunzi asiyeona, lakini mwalimu mkuu anasema wanafunzi wenzake watamsomea, inatosha. Nimemkumbuka Mwanaidi, jirani yetu wa utotoni kule Mchafukoge. Alikuwa haoni. Tulikaa dawati moja, nikimnong'oneza yaliyoandikwa ubaoni, na kwenye hesabu alikuwa akinishinda.

Kisha nikaugua muhula mzima. Niliporudi darasani hayupo, nikamfuata kwao.

"Wenzenu walimsomea mwanzoni, halafu wakachoka," mama yake akaniambia. "Akaona haya kuomba kila siku."

Mwanaidi akatoka uani, akafurahi kwamba nimepona. Nikamwambia turudi shule.

"Na ukiugua tena, shoga yangu?"

Hakurudi shule, na hadi anafariki hakuwahi kunilaumu.

Wenzake wamsomee, si vibaya. Ila wewe usichoke kuidai hiyo kompyuta.

Akupendaye,
Bibi yako