Kaka Twaha na Zile Hisabati za Vijiti Viwili

Jumapili. Alfajiri kulinyesha, kisha jua likatoka kali kama vile hakukutokea jambo. Nguo nilizoanika dirishani zilikauka kabla ya adhuhuri. Leo sina furaha kubwa wala huzuni kubwa. Nimechoka tu, na nataka kuandika kabla sijasahau jinsi mambo yalivyofuatana.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: naitwa Rukiya, nimepita arobaini, nafanya kazi katika ofisi inayoshughulikia makaratasi ya kutoa mizigo bandarini. Nataka kusoma diploma ya ugavi. Chuo kikaniambia alama yangu ya hisabati ya kidato cha nne haitoshi, nifanye kwanza kozi fupi ya hisabati na mtihani wake. Darasa ni kila Jumamosi. Mtihani ni Jumamosi ijayo. Nikianguka, nangoja mwaka mzima.

Tangu ndoa yangu ivunjike naishi na kaka yangu Twaha na mkewe, wifi yangu Mariamu, mtaa wa Ndia Kuu, ghorofa ya pili juu ya duka la vinyago. Kaka Twaha alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari kwa miaka mingi. Nasema alikuwa, lakini kazini bado hawajamfuta. Mwezi wa Rajabu, asubuhi akijitayarisha kwenda shule, alipigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, na maneno yakamtoka yote isipokuwa moja.

Hapana.

Ukimuuliza, utakunywa chai? Hapana. Ukimpa chai anakunywa yote. Ukimuuliza, umelala vizuri? Hapana. Watu wamekuja kukuona, waingie? Hapana, na huku anawanyooshea mkono wa kushoto awasalimie. Mwanzo tulikuwa tukicheka naye. Baadaye tukachoka, tukaacha kumuuliza.

Sasa hisabati zenyewe. Darasani tunazisoma kwa Kizungu. Hapa nazisema kwa maneno yangu. Namba ikifungiwa kati ya vijiti viwili vilivyosimama, maana yake unatakiwa kujua umbali wake tu kutoka sifuri, usijali iko upande gani. Tatu na hasi tatu zote zina umbali wa tatu. Mwalimu wetu, Mutua, kijana mpole wa Machakos, hutwambia, "Msione vijiti mkaogopa. Vinauliza jambo moja tu: uko mbali kiasi gani?" Kufikia hapo naelewa. Kinachonishinda ni pale wanapoleta ishara za ndogo kuliko na kubwa kuliko. Nimezikosea wiki tatu mfululizo, na kila nikikosea nakosea kwa namna mpya.

Leo baada ya mahamri na mbaazi niliketi na kazi zangu kwenye meza ya dirishani. Kaka Twaha hukaa hapo kila siku, anatazama njia. Sikukaa naye kwa ajili ya hisabati. Nilikaa kwa sababu hapo ndipo penye upepo.

Swali la kwanza lilikuwa hili: |2x + 1| + 5 < 3. Nikaondoa tano pande zote mbili, nikapata |2x + 1| < −2. Nikaendelea. Nikavunja vijiti, nikagawa, nikahamisha, nikajaza nusu ukurasa.

"Hapana," akasema Kaka Twaha.

"Ngoja kidogo, Kaka, chai yaja."

"Hapana."

Nikadhani jua linampiga usoni, nikainuka nikarudisha dirisha nusu. Nikarudi kuandika. Akainua mkono wa kushoto, akaubamiza juu ya karatasi yangu, kiganja kizima, hata kalamu ikanitoka.

Nikaitazama ile karatasi upya. Umbali ulio mdogo kuliko hasi mbili. Umbali gani huo? Hakuna umbali ulio chini ya sifuri. Mtu hawezi kuwa karibu na mlango kuliko aliyesimama pale pale mlangoni. Nusu ukurasa wote nilikuwa nikitafuta namba ambayo haipo.

"Hapana jibu?" nikamuuliza.

Hakutikisa kichwa. Alinitazama tu, vile mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyechelewa, aliyeingia darasani mwishowe.

Nilijizuia. Nikajiambia, mtu anayesema hapana kwa kila kitu, iko siku atakutana na swali ambalo jibu lake ni hapana. Huenda ni bahati. Nikachukua swali la pili, |x − 3| > 2. Wallahi sikumtega. Nilifanya kama ninavyofanya siku zote, nikapata x iko kati ya moja na tano. Nikamsogezea karatasi, nikamtia kalamu katika mkono wa kushoto.

Akachora mstari. Ulikwenda upande kama wa mtoto wa chekechea. Akatia alama kwenye moja na kwenye tano. Kisha akaifuta ile sehemu ya kati niliyoitaja mimi, akaifuta kwa nguvu hadi karatasi ikachanika, na akachora mshale kutoka moja kwenda kushoto, na mwingine kutoka tano kwenda kulia.

Hapo ndipo nilipoona: ukitoa tatu ndani ya vijiti, umbali unapimwa kutoka tatu, si kutoka sifuri. Swali linataka namba zilizo mbali na tatu, zaidi ya hatua mbili. Mimi nilikuwa nimezichukua zilizo karibu. Zilizo mbali ziko nje, pande zote mbili: chini ya moja, au juu ya tano. Wiki tatu Mwalimu Mutua amenieleza jambo hilo, na wiki tatu nimelinakili bila kuliona.

"Wifi! Njoo!"

Mariamu akaja kutoka jikoni, mikono imejaa tui la nazi. Nikamwonyesha.

"Hiyo ni nini?"

"Amenisahihisha. Nilikosea, amenisahihisha."

Mariamu hajui hisabati wala hana haja nazo. Hakuitazama karatasi. Alimtazama mumewe usoni kwa muda, kisha akajifuta macho kwa pembe ya leso na tui lake lote.

Ningependa kuishia hapo, lakini haikuwa hivyo.

Kaka Twaha akaivuta karatasi mwenyewe, akaanza swali la tatu bila kuombwa. |5 − 2x| ≤ 7. Alikwenda polepole, hatua kwa hatua, na kila hatua nilikuwa nayo. Alipofika mwisho, pale pa kugawa kwa hasi mbili, akasahau kuzigeuza ishara. Akaandika 6 ≤ x ≤ −1, akaweka kalamu chini, akaegemea kiti. Uso wake ulikuwa umetulia kuliko siku yoyote tangu Rajabu.

Kosa hilo yeye ndiye aliyekuwa akiwachapa watoto wa watu kwa ajili yake. Ukigawa kwa hasi, ishara inageuka. Darasa lake lilikuwa likiimba hivyo.

Nikamfuata Mariamu jikoni, nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Mwache," akasema. "Leo mwache na furaha yake, Rukiya. Nakuomba."

Nikasimama pale jikoni. Nikafikiri juu ya wageni wanaokuja wakamsemesha kwa sauti kubwa kama kiziwi, na wanaompigapiga begani wakisema ameendelea vizuri, mashallah, hata kabla hajafanya lolote. Huyu mtu maisha yake yote hakuwahi kumpa mtu alama ya bure. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi wake shuleni aliniwekea sifuri, na jina letu la ukoo ni moja.

Nikarudi. "Kaka, angalia hapa. Namba gani iliyo juu ya sita na chini ya hasi moja?"

Akaangalia. Akaangalia tena. Uso ukajifunga. Akaitupa kalamu, ikaingia chini ya kochi. Mariamu alikuwa amesimama mlangoni, na jicho alilonitupia sitalisahau upesi. Nilitaka ardhi inimeze. Nikapiga magoti, nikaitafuta kalamu, si kwa sababu ilihitajika bali nisimwone mtu usoni.

Nilipoinuka, kiganja chake kilikuwa wazi mbele yangu. Anaitaka.

Nikampa. Akazigeuza ishara zote mbili, moja baada ya nyingine, akikandamiza. x iko kati ya hasi moja na sita. Hakunitazama, na mimi sikumpongeza. Tukaenda swali la nne.

Baada ya alasiri akaja Kaka Athmani, ndugu yetu mkubwa, anayekaa Likoni, ng'ambo ya maji. Feri ilikuwa imejaa, akafika amelowa jasho, na hata kahawa haijapoa akaanza alilolijia. Anataka kumhamishia Twaha kwake. Nyumba yake ni ya chini, hakuna ngazi. Hapa kwetu kila siku ya kliniki tunatafuta wanaume wawili wa kumbeba, na ngazi zenyewe ni nyembamba na zimesimama kama ukuta. Yote aliyosema ni kweli. Kaka Athmani si mtu mbaya. Ila alikuwa akisema na mimi na Mariamu, na Twaha yuko pale pale kwenye kiti, kama kabati tunalojadili litapita mlangoni au halitapita.

"Umemuuliza mwenyewe?" nikasema.

"Rukiya, nimuulize nini? Si atasema hapana tu."

"Basi tumuulize kwa namna nyingine."

Nikachukua karatasi, nikaandika HAPA upande mmoja na LIKONI upande wa pili, nikaiweka mbele ya Twaha na kalamu.

"Huu ni mchezo," akasema Kaka Athmani.

"Muulize wewe."

Akajikohoza. Nadhani aliona haya. Ilikuwa miezi hajasema naye moja kwa moja. "Twaha, ndugu yangu, wataka kukaa wapi?"

Twaha akapiga mstari juu ya LIKONI.

Kaka Athmani hakuridhika. Akachukua karatasi nyingine, akayaandika yale maneno kwa kuyabadilisha nafasi, akamuuliza tena. Twaha akaifuta LIKONI tena. Alipotaka kuandika mara ya tatu, Twaha akampokonya kalamu.

"Haya, nimeelewa," akasema Kaka Athmani. "Na ngazi je? Ngazi tutazifanyaje?"

Twaha akaelekeza kidole chini. Tukatazama sakafu. Akaelekeza tena, akakunja uso kwa ujinga wetu.

"Chumba cha chini?" Mariamu akauliza. Nyuma ya duka kuna chumba chetu, tumekijaza magodoro ya zamani na masanduku ya marehemu mama. "Wataka tukuhamishie chumba cha chini?"

"Hapana!" akasema Twaha, na kichwa kinaitikia juu chini, juu chini.

Tulicheka wote. Yeye alicheka zaidi, kwa upande mmoja wa mdomo, hadi machozi. Kaka Athmani akasema atakuja Ijumaa baada ya swala na wanawe wakitoe kile chumba vitu, wakipake chokaa. Halafu, badala ya kuondoka, akavuta kiti karibu na Twaha, akaanza kumwandikia maswali ya kwake mwenyewe. Chakula gani. Redio gani. Nani asije tena kumtembelea. Hilo la mwisho lina jibu, lakini sitaliandika kwenye mtandao.

Sitaki kujidanganya. Jioni nilimuuliza saba ukijumlisha na nane, akaandika hamsini na moja, na hakuona kosa. Nilimwonyesha, akalitazama kama maandishi ya Kichina. Mengine yamebaki, mengine yamekwenda, na hatujui yapi ni yapi mpaka tuyaguse. Daktari alisema jambo kama hilo hospitalini, nami niliitikia bila kusikia. Sijui kama atarudi kufundisha. Kesho nikitoka kazini nitapita shuleni kwake, nikawaambie wasije kuzungumza na sisi tu. Waje wazungumze naye, na waje na karatasi.

Baada ya magharibi aligonga meza kuniita. Alikuwa ameandika hisabati tatu, mkono wa kushoto, vijiti vimelala kama vimelewa. Akanisukumia, akagonga tena, yaani fanya. Kisha Mariamu akamshika mkono kumpeleka kitandani.

Ya kwanza nimeimaliza. Ya pili nimeikosea mara mbili, nadhani sasa imekaa sawa. Ya tatu ina vijiti pande zote mbili za ishara. Sijawahi kuona kitu cha namna hiyo, hata kwa Mwalimu Mutua hatujafika huko.

Aliyeitunga amelala. Asubuhi nitamuuliza.