Sukari Ilishuka, Wakasema Sumu

Jumatatu, 6 Mei

Yai moja la kuchemsha. Maharagwe kidogo. Basi. Tumbo limejaa. Tangu lilipokatwa kule Kigali mwaka juzi halina nafasi. Wala halinidai kitu. Nakula kwa sababu simu imelia kunikumbusha.

Sokoni mvua. Maman Neema alivuka mpaka kutoka Bukavu na sambaza, visamaki vya ziwani, za kukaanga. Tukala sahani moja, kama kila siku tangu tulipoanza kuuza vitenge pamoja. Yeye mkono mzima, mimi ncha za vidole. "Unadonoa sawa kuku," akasema, akacheka. Anadhani walinitoa mawe ya nyongo. Watu wote wanadhani hivyo, hata mama. Anayejua ni Papa Josué tu, mume wangu. Nilikataa wengine waambiwe. Wangesema nimejikata kwa ajili ya uzuri. Ilikuwa magoti yaliyolemewa na uzito. Ilikuwa presha. Sasa magoti yananibeba.

Sina furaha wala huzuni. Nauza.

Jumatano, 8 Mei

Mteja aliyechukua vitenge vya harusi alituletea soda. Nilikunywa yangu yote. Najua sipaswi. Nilikunywa.

Baadaye jasho. Mikono ikatetemeka hadi sikuweza kushika mkasi. Halafu njaa. Si ya tumbo. Ya mwili mzima, kama mtu anayegonga mlango kwa miguu. Nilienda nyuma ya duka nikala mandazi bila kutafuna. Nikapata nafuu. Kisha ikarudi vilevile.

Daktari alinieleza zamani. Kitamu kinapandisha sukari haraka, mwili unaipiga chini kupita kiasi. Ikishuka, onja kitamu kidogo tu, kisha yai au karanga ili isianguke tena. Ukila mandazi unaanza upya. Nayajua haya kama Baba Yetu. Leo sikuyafuata. Sikujilaumu. Nilichoka tu.

Maman Neema aliuliza nina nini. Nikasema malaria.

Ijumaa, 10 Mei

Naandikia kitandani. Herufi zinayumba.

Maman Neema alileta chakula cha ubatizo wa mtoto wake. Wali, ndizi tamu za kukaanga, juisi ya maracuja. Alikuwa amevaa vizuri na alinipakulia kwanza mimi. Nilishindwa kukataa. Nikala zaidi ya ninavyokula siku nzima.

Saa moja hivi ikapita. Nakumbuka nilikuwa nakunja kitenge kilekile, nakifungua, nakunja tena. Mteja ananiuliza bei, mimi namjibu maneno ambayo si maneno. Kisha sakafu.

Maman Neema ndiye aliyenibeba hadi kituo cha afya, yeye na mtu wa moto, kwa pikipiki yake. Walinitundikia maji ya sukari, nikazinduka. Muuguzi akauliza kama nina kisukari. Nikasema hapana. Akauliza kama nimewahi kupasuliwa. Mama alikuwa amefika kutoka Giheke, amesimama miguuni pangu. Nikasema mawe ya nyongo.

Mama akauliza nilikula nini. Nikamwambia. Akauliza kilitoka wapi. Nikamwambia pia.

"Karuho," akasema. Ile sumu wanayoogopa wote hapa na ng'ambo. Akalisema polepole, kama mtu aliyekuwa akilingoja.

Jumamosi, 11 Mei

Nimerudi nyumbani. Mama ameshika jiko. Ameleta dawa ya kutapika, imechanganywa na asali nyingi. Nilijua asali itanifanya nini. Nikanywa kwa sababu alikuwa analia.

Sikutapika. Nilitetemeka mchana, jasho likalowesha shuka. Mama akamwita jirani aje aone. "Munaona? Sumu inapigana na dawa."

Papa Josué alirudi na lori la mchele kutoka Bugarama akanikuta hivyo. Alinipa chai yenye sukari kidogo, halafu karanga, akakaa hadi mikono yangu ikatulia. Mama alipotoka akasema: "Sema, ao mimi nitasema."

Nikasema ngoja.

Jumapili, 12 Mei

Wanawake wa soko walikuja baada ya misa. Walikaa. Hakuna aliyetaja jina. Mmoja alisema bantu ba ng'ambo wana mikono myepesi kwenye chakula cha watu. Mwingine akasema nimekonda tangu nilipoanza kula na yule, kila mtu ameona. Mama aliitikia kwa kichwa.

Nilikuwa na maneno mdomoni. Yalikuwa mazito kama bugali mbichi. Nilitafuta aibu ndani yangu, nikakuta usingizi. Nikalala wakiwa bado wamekaa.

Jumanne, 14 Mei

Maman Neema alipiga simu. Mama aliiangalia ikiita. Nikaenda chooni nayo.

Hakuna anayenunua kwake. Mwuza chai amekataa kumpa kikombe. Sambaza zake zimemwagwa mtaroni na hakuna aliyeona nani kazimwaga. Vijana wanamwambia wakimkuta kesho watampeleka barriera, mpakani, kwa miguu na kwa fimbo.

"Béa, mimi nilikubeba ku mugongo," akasema. "Bambie. Banataka kunipiga."

Nilimwambia asije kesho. Akasema, "Nisipokuja, njo bataamini."

Ni kweli. Wangesema amekimbia.

Nimeandika haya na mkono hautetemeki. Ningependa utetemeke.

Jumatano, 15 Mei

Nilikwenda. Papa Josué mbele, mama nyuma, hajui kwa nini. Maman Neema alikuwa amesimama katikati ya vitenge vyetu, mgongo ukutani. Watu wengi. Vijana wawili na fimbo.

Sikuwa na hotuba. Nilipandisha blauzi upande mmoja, sokoni, mbele ya wanaume, nikaonyesha alama za kisu.

"Sikulishwa sumu," nikasema. "Nilikatwa tumbo Kigali ili nipungue. Nikila vitamu, sukari inapanda halafu inaanguka, na mimi naanguka. Chakula chake kilikuwa kizuri. Tumbo langu ndilo halikiwezi."

Mmoja akacheka. "Ulikatwa kusudi ukonde? Na sisi tunatafuta unene!" Wengine wakacheka pia. Vijana wakaondoka na fimbo zao, kama watu walionyimwa mpira. Hakuna aliyemwambia Maman Neema pole.

Mama alifunga kitenge chake vizuri kiunoni, akaondoka bila kuniangalia.

Maman Neema alisema: "Ungesema Ijumaa." Basi.

Ijumaa, 17 Mei

Nilimpigia daktari. Akasema nimwambie yote ninayokula, nikamwambia. Nyama, samaki au maharagwe kwanza. Wali baadaye, kidogo. Nisinywe wakati wa kula. Soda hapana, juisi hapana, asali hapana. Nisiache saa nyingi bila kitu. Ninunue kipimo, niwe napima sukari. Nisipotulia hivyo, nirudi Kigali, kuna dawa. Sikumwambia habari za soko. Si ugonjwa wake.

Mama amerudi. Amepika mboga ya lenga-lenga na samaki, amepakua kwenye kisahani cha kikombe. Alikaa hadi nilipomaliza.

Alhamisi, 23 Mei

Maman Neema anakuja, anauza, anavuka kurudi. Salamu tunapeana. Chakula anakula kwingine. Nakula yai langu nikiangalia ukuta.

Leo sukari ilianza kushuka. Nikaonja kitamu kidogo, nikala karanga, nikakaa chini. Ikapita. Hakuna aliyejua.

Ijumaa, 31 Mei

Maman Neema alikuja kugawana mali. Anahamia soko la Bugarama. Anasema kule joto ni kali lakini watu hawamjui.

Hatukubishana. Alichukua vitenge vyenye maua, akaniachia vya mistari, kwa sababu najua kuviuza. Nikamwomba msamaha.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini ulipokuwa mugonjwa mama yako alikuja pale duka akanusa sahani yangu. Batoto bangu banakulia mu ile sahani."

Nilishika upande mmoja wa mzigo, yeye upande mwingine, hadi gare ya mabasi. Alipanda. Gari lilichelewa kujaa, nikasimama dirishani. Lilipoondoka alinyanyua mkono.

Nikarudi dukani. Nikala samaki, kisha viazi kidogo. Baadaye nikapima sukari.

Ilikuwa nzuri.